UZI: Kozi za afya, dharura na hoteli. Kabla hujalipa ada, kagua chumba cha vitendo

MkufunziWaZamu (mwanzisha uzi)

Habari za majukumu wakuu.

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, maswali humu huwa yale yale: chuo gani kizuri, ada shilingi ngapi, ajira zipo? Wachache wanauliza mwanafunzi atashika nini kwa mikono yake, atakishika mara ngapi, na nani atakuwa amesimama pembeni akimrekebisha. Tabibu, nesi, mhudumu wa gari la wagonjwa, mpishi wa hoteli, mhudumu wa vyumba: kazi za hawa wote ziko mikononi. Nimefungua uzi huu ili wenye ujuzi waeleze kila mmoja kwa fani yake nini hasa hufundishwa, vipimo vyake, na wapi wanafunzi hukosea.

Makaratasi niyamalize haraka. Kwa Tanzania Bara hakikisha chuo kina usajili na ithibati ya NACTVET (baraza la taifa la elimu ya ufundi), kisha hakikisha kozi yenyewe imo kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huu. Chuo kinaweza kuwa halali na bado kozi moja ikawa haijaidhinishwa. Utabibu na uuguzi na ukunga huanzia NTA (tuzo za taifa za ufundi) ngazi ya 4 hadi 6, yaani stashahada ya miaka 3. Sifa ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ndani yake yawemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji uzito. Akihitimu, nesi anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, tabibu anakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika. Bila usajili wa baraza, cheti ni karatasi tu. Anayetaka kuendelea na digrii aombe namba ya AVN (ya kuthibitisha tuzo yake) kutoka NACTVET mapema, asingoje dirisha la udahili lianze kufungwa.

Sasa chumba cha vitendo. Nenda siku ya kawaida ya masomo, omba kukiona, kisha angalia haya.

Midoli ya mazoezi ni mingapi, na darasa lina watu wangapi? Piga hesabu mwenyewe. Wanafunzi 60, mdoli 1, kipindi cha saa 1: kila mmoja anapata dakika 1. Mzunguko mmoja wa kukandamiza kifua ni dakika 2. Maana yake hakuna hata mmoja atakayemaliza mzunguko.

Mtungi wa oksijeni upo? Una regyuleta, geji inasoma, na spana yake ya kufungulia imefungwa kwa kamba hapo hapo? Mtungi usio na spana ni chuma tu. Mashine ya saksheni, ile ya kuvuta uchafu kooni, waombe waiwashe, kisha uzibe mpira wake kwa kidole; usipohisi unavuta, hiyo ni pambo. Ambu, ile mifuko ya kukamua ya kumpa pumzi asiyepumua, ziwepo za mtu mzima, mtoto na kichanga, kila moja na maski zake. Mkono wa plastiki wa kujifunzia kuweka dripu uwe na ngozi yenye alama za sindano. Ngozi isiyo na tundu hata moja inakuambia kwamba mkono huo hutolewa wakaguzi wakija.

Karibuni.

Mzazi_Moro

Asante sana mwalimu. Naomba kuuliza: kijana ana Kemia C, Baiolojia C, Fizikia F, Kiswahili B, Jiografia D. Clinical anaingia?

MkufunziWaZamu

Hapana mzazi wangu, Fizikia inamzuia kwenye utabibu na uuguzi pia. Famasi anaingia, kwa sababu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini yakiwemo Kemia na Baiolojia, naye anayo. Kama moyo wake uko kwenye utabibu, arudie Fizikia peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtu akikuambia ana njia ya kumwingiza Clinical na hiyo F, usimpe hata senti: jina lake halitapita wakati wa uhakiki.

ABCDE_Tz

Mkuu umefungua uzi muhimu. Nitaongelea dharura.

Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa mwaka 2018 kozi ya msingi ya huduma za dharura, inayojulikana kwa kifupi BEC. Tanzania, Uganda na Zambia ndiko ilikojaribiwa. Ni kozi ya siku chache tu na haihitaji mashine za bei mbaya, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akipata nafasi ya kuisoma asiiache. Ina mada kuu nne: majeruhi, mgonjwa anayepumua kwa shida, mgonjwa wa mshtuko wa damu (shock, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini), na mgonjwa aliyebadilika fahamu. Zote zinapita mlango mmoja, ABCDE: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua mgonjwa mwili mzima. Kanuni yake ni moja: tatizo ulilolikuta kwenye herufi unalitatua hapo hapo kabla ya kwenda herufi inayofuata. Baada ya hapo ndipo maswali: dalili, mzio, dawa anazotumia, magonjwa ya nyuma, mlo wa mwisho, na nini kilitokea.

Wanafunzi huanguka sana kwenye D. Wanapima fahamu, wanaangalia mboni, wanasahau sukari. Mgonjwa yeyote aliyebadilika fahamu apimwe sukari kwenye dakika za mwanzo. Chini ya 3.5 mmol/L anapewa glukosi papo hapo, huku uchunguzi mwingine ukiendelea. Kila mwaka kuna watu wanaodhaniwa wamelewa au wamepagawa, kumbe ni sukari iliyoshuka.

Lakini kama kuna kitu kimoja ningependa mzazi amwombe mkufunzi amwonyeshe, ni ambu. Kifaa hiki kila mtu anadhani anakijua, na wengi hawakijui.

Kabla ya kumgusa mgonjwa, ijaribu. Ziba tundu la kutolea hewa kwa kiganja, kamua. Lazima mkono wako uhisi ukinzani. Ikikamuka kirahisi, kuna mahali inavuja, na mara nyingi kosa lilifanyika wakati wa kuiosha: ule mdomo laini wa valvu unaofanana na mdomo wa bata ulirudishwa kichwa chini au ulisahaulika kwenye beseni. Kisha unganisha oksijeni lita 10 hadi 15 kwa dakika na hakikisha mfuko wa akiba ule wa nyuma umejaa.

Maski ianzie kwenye daraja la pua, iishie kwenye kibonde kati ya mdomo wa chini na kidevu. Ikigusa macho ni kubwa. Kidole gumba na cha shahada vishike maski kwa umbo la herufi C. Vidole vitatu vilivyobaki vikae kwenye mfupa wa taya. Narudia, kwenye mfupa. Vikizama kwenye nyama laini ya chini ya kidevu vinausukuma ulimi juu na wewe mwenyewe unaziba njia unayotaka kuifungua. Kamua taratibu kwa sekunde 1, acha mara tu kifua kinapoanza kunyanyuka. Mtu mzima mwenye mapigo asiyepumua: pumzi 1 kila sekunde 6. Mtoto: pumzi 1 kila sekunde 2 hadi 3.

Kijana_wa_NTA5

Mkuu ABCDE_Tz, shukrani. Sisi kwenye mdoli kifua mara nyingi hakinyanyuki na mkufunzi anasema "kamua kwa nguvu". Je, ni sahihi?

ABCDE_Tz

Hapana mdogo wangu. Nguvu ndiyo ya mwisho kabisa. Ambu ya mtu mzima hubeba karibu lita 1 na nusu, mgonjwa anahitaji kama nusu lita tu. Ukiikamua yote kwa kishindo, hewa inakwenda tumboni, tumbo linajaa, anatapika, matapishi yanaingia mapafuni. Hapo umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kifua kisiponyanyuka fuata mpangilio huu. Rudisha kichwa mahali pake kwanza: kichwa nyuma, kidevu juu. Kwa majeruhi unayemshuku shingo, usikilaze kichwa nyuma, sukuma taya mbele kwa mikono miwili. Kisha sikiliza kama hewa inavuja pembeni ya maski. Watu wengi wanaikandamiza maski kwenye uso. Fanya kinyume chake, uvute uso uje kwenye maski kwa kuinua taya. Bado? Fungua mdomo, angalia, vuta uchafu kwa saksheni. Bado? Weka kile kipande cha plastiki cha kuzuia ulimi, ukipime kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya, na umwekee tu yule ambaye koo lake likiguswa hataki kutapika. Bado? Ita mtu wa pili: mmoja ashike maski kwa mikono miwili, mwingine akamue. Njia hii ya watu wawili ifundishwe tangu siku ya kwanza, maana mikono midogo haiwezi kushika maski ya mtu mzima mwenye ndevu peke yake, hata awe hodari vipi.

Muuguzi_Mwandamizi

Naongezea upande wa kukandamiza kifua. Tarakimu zinajulikana: nusu ya chini ya mfupa wa kati wa kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kupima mapigo kusizidi sekunde 10, kubadilishana kila dakika 2. Mwanafunzi anazikariri na kufaulu mtihani. Kwa mkono ni jambo jingine.

Kosa la kwanza ni kuegemea. Baada ya kukandamiza anaacha uzito wake juu ya kifua, kifua hakirudi, moyo haujai damu, basi mkandamizo unaofuata hausukumi kitu. Msimamie pembeni, angalia kama kiganja kinaruhusu kifua kupanda kabisa bila kupoteza mahali pake.

La pili ni godoro. Kitanda cha wadi kina godoro laini, nusu ya nguvu inaishia kwenye sponji. Weka ubao mgumu chini ya mgongo, na kama hakuna, mshushe sakafuni. Chuo kinachofanyia mazoezi mezani tu kinamnyima mwanafunzi somo hili.

La tatu linahusu mdoli wenyewe. Springi ikichoka, mdoli unabonyea kwa kidole. Aliyejifunzia hapo ataona kifua cha binadamu ni kigumu mno, atakandamiza sentimita 3 na kudhani amefika. Ukitembelea chuo weka kiganja ubonyeze mwenyewe. Usipotoka jasho kidogo ndani ya dakika 2, springi hiyo imekwisha.

Mkunga_wa_Usiku

Nawasalimu wote. Msisahau kichanga, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya mazoezi inaonekana waziwazi kuliko kokote.

Mtoto asiyelia: mkaushe kwa nguvu, mpe joto, safisha njia ya hewa ikiwa tu kuna uchafu, msisimue kwa kumsugua mgongo. Hajapumua? Kata kitovu umpeleke kwenye ambu. Pumzi ya kwanza ya ambu iwe imeingia kabla ya dakika 1 kuisha tangu azaliwe, ndiyo tunayoiita dakika ya dhahabu. Kasi ni pumzi 40 kwa dakika. Kesi nyingi hukwama kwa sababu mhudumu anaendelea kusugua na kuvuta makamasi mpaka dakika 3 zinapita, naye anajiona anafanya kazi.

Mafunzo haya, Helping Babies Breathe, yalianza 2010 na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Utafiti wa hospitali 8 za hapa nchini uliochapishwa 2013 ulionyesha vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Sasa sikilizeni sehemu ambayo vyuo vingi vinairuka. Kule hospitali ya Haydom, Manyara, iligundulika kwamba mafunzo ya siku moja pekee yaliwafanya watu wafaulu kwenye mdoli, lakini vitendo vyao chumba cha kuzalia havikubadilika vya kutosha. Kilichobadilisha mambo ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache tu, mdoli ukiwa karibu na mahali pa kazi.

Kwa hiyo muulize mkuu wa idara: mwanafunzi anagusa ambu ya kichanga mara ngapi kwa muhula? Akisema "tunayo wiki maalumu ya vitendo", mwambie wiki moja kwa mwaka haitoshi. Mdoli wa kichanga ule wa kujazwa maji hauhitaji umeme wala fundi. Unajazwa lita 2 za maji ya uvuguvugu, unakuwa mzito na mlegevu kama mtoto mwenyewe. Hakuna sababu ya kuufungia kabatini.

Jikoni_Njiro

Wakuu naona afya wameshika usukani, ngoja nilete hoteli, maana mwanzisha uzi ametutaja. Ukarimu unasomwa ngazi mbalimbali: kuna Chuo cha Taifa cha Utalii, kuna chuo cha hoteli na utalii cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) hapa Njiro Arusha, Zanzibar kuna SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) kampasi ya Maruhubi, na jirani zetu wana Kenya Utalii College tangu 1975. Wazazi wanadhani kozi hii ni kubeba sinia na kutabasamu. Jikoni kosa moja linaweza kuwalaza wageni 80 usiku mmoja.

Kifaa nitakachouliza kwanza ni kipimajoto cha kuchoma kwenye chakula. Kila mwanafunzi awe nacho au wawili wagawane kimoja. Joto la hatari ni kati ya 5°C na 60°C (vitabu vya Uingereza huandika 63). Friji isizidi 5, friza iwe −18. Kuku afike 75 katikati ya nyama nene ya paja, ncha ya kipimajoto isiguse mfupa, kwa sababu mfupa hudanganya.

Kipimajoto nacho hukaguliwa. Vitabu vingi husema kichovye kwenye maji yanayochemka kisome 100. Hapo Dar sawa. Hapa Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye 95 hivi. Nairobi ni kama 94. Mwanafunzi asiyefundishwa hilo atakirekebisha kisome 100, na kuanzia siku hiyo kitazidisha kama nyuzi 5: kikimwambia kuku amefika 75, kuku yuko 70. Tumia barafu: jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo ya kujaza nafasi, koroga, chovya bila kugusa glasi, subiri nusu dakika. Lazima kisome 0. Barafu haijali uko Tanga au Mbeya.

Mbao za kukatia zina rangi: nyekundu nyama mbichi, bluu samaki mbichi, njano nyama iliyopikwa, kijani saladi na matunda, kahawia mboga za mizizi, nyeupe mikate na maziwa. Chuo chenye ubao mmoja wa mti kwa kila kitu kinafundisha hatari.

Mama_Lishe_Bora

Jikoni_Njiro naomba ufafanue kuhusu wali na pilau. Tunaambiwa vikilala vinaleta tumbo, lakini watu wanavipasha moto kabisa hadi vinatoa mvuke, na bado wanaharisha. Kwa nini?

Jikoni_Njiro

Swali zuri dada yangu, na jibu lake ni somo zima.

Kwenye mchele mkavu kuna vijimbegu vya bakteria aitwaye Bacillus cereus. Kuchemsha hakuviui. Wali ukipoa polepole vinaamka, vinazaana, na vinaacha sumu. Ile sumu inayotapisha haiharibiwi na moto wa kupashia. Kwa hiyo unapopasha unawaua bakteria, sumu inabaki kwenye sahani, na mteja anatapika ndani ya saa chache.

Kosa liko jana yake jioni. Sufuria ya pilau ya mchele kilo 10 inafunikwa na kuachwa mezani, au inaingizwa friji ikiwa bado nzito na moto. Katikati ya sufuria ile joto linabaki 40 mpaka usiku wa manane. Na friji yenyewe inapanda joto, maziwa na nyama za pembeni zinaharibika pia.

Inavyotakiwa: chakula kishuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 nyingine. Kwa sufuria haiwezekani. Tandaza kwenye trei bapa, kina kisizidi sentimita 5, ziache trei nafasi kati yake hewa ipite, usizifunike kwa kubana mpaka zipoe. Mchuzi na supu: weka sufuria kwenye sinki lenye barafu na ukoroge kila baada ya dakika chache. Andika saa na joto kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Saa 2 zikipita na bado iko juu ya 21, tupa. Najua inauma kutupa nyama ya ng'ombe, lakini ndiyo kazi. Kupasha ni mara moja tu, hadi 75, na kisicholiwa hakirudi friji.

Mopu_na_Ndoo

Upande wa usafi wa vyumba na wadi somo ni moja: klorini. Na hapa ndipo nesi na mhudumu wa hoteli wanakutana. Jik 1 kwa maji 6, wakuu, hiyo ndiyo ya kila kitu.

Muuguzi_Mwandamizi

Ndugu yangu Mopu_na_Ndoo, si ya kila kitu. Inategemea chupa inasema nini na unasafisha nini.

Kanuni: gawanya asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayotaka, toa 1, unapata sehemu za maji kwa sehemu 1 ya dawa. Jik ya 3.5 ukitaka 0.5: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1, maji 6. Sawa na ulivyosema, lakini hiyo ni ya damu iliyomwagika na vifaa vilivyochafuka. Kwa meza na sehemu zinazoguswa mara kwa mara, vyuo vingi hufundisha 0.05: hapo ni maji 69, yaani mililita 100 za Jik kwenye ndoo yenye maji lita 6.9. Chupa nyingine zina asilimia 5, au chini ya 3.5. Soma lebo kila unapofungua chupa mpya. Unga wa klorini wa HTH wa asilimia 70, ukitaka 0.5, ni gramu 7 hivi kwa lita 1 ya maji.

Damu sakafuni: vaa glavu, funika kwa kitambaa au karatasi, mimina 0.5, subiri dakika 10, ndipo ukusanye. Sakafu yenye uchafu mwingine ioshwe kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu unaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Vifaa vya chuma visilale humo zaidi ya dakika 10, vinapata kutu. Changanya upya kila siku. Ya jana imeshapoteza nguvu.

Na hili liandikwe kwa wino mwekundu ukutani: usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi. Inatoka gesi inayochoma mapafu, na vyoo vya hoteli ni vidogo, havina dirisha la maana. Flashi maji mengi kati ya dawa moja na nyingine.

Mopu_na_Ndoo

Nimekubali dada, nilikosea kusema kila kitu. Hiyo ya kusoma lebo nakazia pia.

Pwani_Spa

Nasoma kwa makini. Kwa wanaosoma masaji na huduma za spa, hasa wanaolenga Zanzibar: muulize mkufunzi kama kuna somo la nani ASIKANDWE. Mgeni ametoka safari ndefu ya ndege, mguu mmoja umevimba kwenye shavu la mguu, una joto na unauma kuliko mwingine. Huyo anaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukimkanda, bonge linaweza kutoka na kwenda mapafuni. Usiguse mguu huo, apelekwe kwa daktari. Wenye homa, jeraha bichi au ngozi yenye maambukizi nao wasubiri. Fomu ya maswali ijazwe kabla mgeni hajapanda kitandani, na mhudumu aisome.

Kijana_wa_NTA5

Na mhudumu wa mezani? Mteja akipaliwa na nyama choma, nani anawajibika?

ABCDE_Tz

Aliye karibu. Ndiyo maana somo la huduma ya kwanza liwe la lazima kwa wanafunzi wa hoteli, na wafanye kwa vitendo.

Akiweza kukohoa na kuongea, mwache akohoe, kaa naye. Asiyeweza kutoa sauti, ameshika koo: mwinamishe mbele, mpige mara 5 kwa kisigino cha kiganja kati ya mabega. Haijatoka, simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu na chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia 5 kwa 5. Mjamzito, au mtu ambaye mikono yako haizunguki tumbo lake, vuta kwenye kifua. Mtoto chini ya mwaka 1 havutwi tumbo kabisa: mapigo 5 mgongoni kichwa kikiwa chini, kisha mikandamizo 5 ya kifua. Akizimia, mlaze sakafuni uanze kukandamiza kifua, na kila unapofungua mdomo kumpa pumzi angalia kama kitu kinaonekana. Usiingize kidole kutafuta usichokiona. Kumpa maji anywe ni kosa, na ndilo la kwanza ambalo watu hulifanya mezani.

Mzazi_Moro

Nimejifunza mengi leo. Mwalimu, la fildi hujaligusa.

MkufunziWaZamu

Kweli mzazi, nilikuwa nakuja huko. Muulize chuo kina makubaliano ya maandishi na hospitali ipi, au hoteli ipi, na wanafunzi wangapi hupelekwa kwa zamu moja. Wanafunzi 20 kwenye wadi ya vitanda 24 wanasimama ukutani. Daftari la vitendo liwe na nafasi tatu kwa kila utaratibu: nimeona, nimesaidia, nimefanya nikisimamiwa. Madaftari mengi yana tiki moja tu, na usiku wa kuamkia kukusanya yanasainiwa kurasa 15 kwa kalamu ile ile. Omba uone daftari la aliyehitimu mwaka jana. Tarehe zikifuatana kwa wiki zote za fildi, na saini zikiwa za watu tofauti, chuo hicho kinasimamia.

Tabibu_wa_Rufaa

Naomba kuongeza moja la mwisho kwa upande wangu. Muulizeni mwanafunzi wa mwaka wa 3: mtungi huu wa oksijeni utatufikisha hospitali ya rufaa? Wengi hawawezi kujibu.

Kijana_wa_NTA5

Hata mimi siwezi, mkuu. Inapigwaje?

Tabibu_wa_Rufaa

Angalia shingoni mwa mtungi, umechorwa ujazo wake wa maji kwa lita. Soma geji kwa bar, yaani kipimo cha mgandamizo. Zidisha. Mtungi wa lita 10, geji bar 100: lita 1,000 za oksijeni. Acha akiba, toa bar 14 kwanza. Inabaki 86, mara 10, lita 860. Mgonjwa yuko kwenye ambu kwa lita 10 kwa dakika: dakika 86. Geji ikiwa ya psi, gawanya kwa 14.5 upate bar.

Sasa safari ni saa 2 kwenye barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha ni 3. Mtungi huo utaisha mkiwa njiani. Pakieni miwili iliyojaa, angalieni geji zote mbili gari likiwa bado limezimwa, na spana iwekwe ndani kabla mlango haujafungwa.